Wosia na mirathi: wakili ufanyeje usije ukashtakiwa na warithi wa mteja wako

Wengi wetu tunaichukulia kazi ya wosia kama kazi ya kujazia mwezi, karani anatoa tempuleti kwa kompyuta, anabadilisha jina, mzee anaweka saini, analipa kidogo anaenda zake. Halafu miaka inapita, mzee anafariki, na watu ambao hujawahi kuwaona wanaingia ofisini na wakili wao wakitaka kujua kwa nini ile ploti ya Kitengela imeenda kwa mke mdogo. Kesi ya ajali au ya deni mteja wako yupo, anaweza kusimama aseme nilimwambia wakili hivi akanishauri hivi. Kwa mirathi yule mtu pekee aliyejua alichokitaka amezikwa, na waliobaki wote wanavutia kwao. Kwa hivo faili yako ndio itaongea, na kama haina kitu ndani basi utaongea wewe, na mahakama itakusikiliza kama mtu anayejitetea.

Nitaongelea Kenya maanake ndiko ninakojua, Sheria ya Urithi Sura ya 160 iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 na kanuni zake za mirathi za 1980. Ukiwa Tanzania au Uganda vifungu ni vingine ila tabia za familia ni zilezile. Nimeipanga kwa hatua, zingine ndefu zingine fupi, kulingana na pale ninapoona mawakili wanaumia zaidi.

Hatua ya 1: Jua mteja wako ni nani, na huyo mwingine mtoe nje

Hii ndio mama ya shida zote. Kijana anakuja na mamake, kijana ndiye aliyepiga simu, ndiye anayelipa, na ukimuuliza mama swali kijana anajibu. Sasa hapo mteja ni nani? Ni mama, hata kama pesa imetoka kwa M-Pesa ya kijana. Mwambie kijana kwa heshima, "Kaka, naomba utusubiri hapo nje kidogo, ni utaratibu wa ofisi," na ufunge mlango. Akikataa kutoka, hio peke yake ni ishara, iandike. Kifungu cha 7 kinasema wosia au sehemu yake iliyopatikana kwa ulaghai, kulazimishwa au kusumbuliwa hadi mtu akakosa hiari yake ni batili, na wakija kubishana kortini swali la kwanza litakuwa nani alikuwa chumbani.

Kama mama anaongea Kigiriama au Kikamba tu na wewe huongei, tafuta mkalimani asiye wa familia, hata karani wa ofisi ya jirani, umlipe. Mwisho wa wosia ongeza maneno kwamba ulisomwa wote kwa lugha fulani na fulani, na mwenye wosia akasema ameuelewa, kisha huyo mkalimani aweke jina na saini. Asiyejua kusoma aweke dole gumba, sheria inaruhusu alama, ila usomewe kwanza tena polepole.

Na mteja akitaka kukuachia wewe kitu, ama bibi yako, usiandike wewe huo wosia. Mpeleke kwa wakili mwingine kabisa, si yule mnayekaa naye ofisi moja.

Hatua ya 2: Barua ya makubaliano, hata kwa kazi ya elfu kumi

Sijui kwa nini barua hii tunaiandikia mabenki tu. Andika umeagizwa ufanye nini, utafanya kwa bei gani, na muhimu zaidi HUTAFANYA nini. Kama hushauri mambo ya kodi sema, kama hujaagizwa kuhamisha taito baada ya granti (hati ya korti ya kumruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu) sema pia, kwa sababu mjane akishaona granti yenye muhuri anaamini kazi imekwisha na shamba ni lake, anakaa miaka sita akijua wewe ulimaliza.

Usidhani utajikinga kwa kuandika kwamba hautawajibika kwa uzembe. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inakataza makubaliano ya kumwondolea wakili lawama ya uzembe wake wa kikazi, utaonekana tu mjanja mbele ya kamati ya nidhamu.

Kuna barua nyingine tunayoisahau, ile ya kukataa kazi. Mtu amekuja, mmeongea nusu saa, amesema atarudi na kopi za taito, hajarudi. Kwako hio si kazi, kwake yeye ana wakili na wosia wake "unashughulikiwa". Mtumie meseji au imeili fupi baada ya wiki mbili: sijapata karatasi, sijaanza chochote, ukitaka niendelee niambie. Weka kopi kwa faili.

Hatua ya 3: Usicheleweshe, kabisa

Kuna kesi ya Uingereza inaitwa White v Jones, House of Lords, wakati huo korti ya mwisho ya huko, waliiamua 1995, na kama unafanya kazi hii na hujaisoma itafute leo. Mzee aligombana na binti zake wawili baada ya mke wake kufariki, akaandika wosia wa kuwanyima. Baadaye wakapatana, Julai 1986 akawaagiza mawakili waandike upya kila binti apate pauni 9,000. Ofisi ikajivuta, mtu wa kazi hio akaenda likizo, na Septemba mzee akafariki na wosia wa zamani ukiwa ndio halali. Mabinti wakawashtaki mawakili wakashinda, majaji watatu kwa wawili, ijapokuwa wao hawakuwa wateja. Hapa kwetu uamuzi huo haumfungi jaji ila unamshawishi, na ukisikia mawakili wanasema "mrithi si mteja wangu hawezi kunigusa" ujue wanategemea ukuta uliobomoka zamani.

Kwa hivo jiwekee muda. Mtu mzima mwenye afya, drafti iwe imemfikia ndani ya wiki moja au mbili. Mtu mzee sana au mgonjwa, siku mbili. Mtu yuko hospitali anaenda theatre kesho, unaenda leo, unaandika kurasa mbili kwa mkono, anasaini, na ile kubwa ya kupendeza mtaifanya akitoka. Wosia mfupi uliosainiwa unaushinda mrefu ulio kwenye kompyuta ya karani. Mkishindwa kabisa kuna wosia wa mdomo, kifungu cha 9, mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa, lakini kumbuka unashika tu kama mwenyewe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu auseme. Mtu akipona akaishi mwaka na wewe umetulia ukijua "alishasema", hapo umemwacha bila wosia.

Na kama mteja ndiye anachelewesha, mkumbushe kwa maandishi. Mara mbili zinatosha, halafu barua ya kufunga faili.

Hatua ya 4: Maswali ya familia, yale ya aibu pia

Wakili mwenye haya hafai kwa kazi hii. Uliza wake wangapi, wa kanisani, wa kimila, wa "tunaishi tu". Uliza watoto wa nje. Uliza kwa sauti ya kawaida tu kama daktari anavyouliza habari za choo, usitikise kichwa, usicheke. Halafu mweleze kwa nini unauliza, maana hapa ndipo wanaume wengi wanashangaa: kifungu cha 3(5) kinamtambua kama mke, kwa mambo ya mirathi, mwanamke aliyeolewa kwa mfumo unaoruhusu wake wengi hata kama mume alikuwa amefunga ndoa ya mke mmoja hapo awali. Cheti cha kanisa hakimfuti yule wa kijijini.

Halafu mwelezee kifungu cha 26 na cha 29. Mkenya ana uhuru wa kumwachia mali yake amtakaye, lakini mtegemezi aliyesahaulika anaweza kwenda kortini akaomba apewe fungu linalofaa. Wake na watoto wanahesabika hata kama marehemu hakuwa akiwalea, wazazi, wajukuu na ndugu wanahesabika kama alikuwa akiwatunza kabla hajafariki. Kwa hivo mzee akisema "huyu Kamau simpi kitu" usiandike tu ukanyamaza. Muulize sababu, andika sababu kwa maneno yake mwenyewe, mweleze kwamba Kamau anaweza kuomba na anaweza kupewa, na barua ya ushauri huo aipokee na kusaini kopi. Ukifanya hivo Kamau akishinda kesi wale wengine hawawezi kukugeukia wakasema hukumwambia baba. Usipofanya, watakugeukia.

Na ile imani kwamba binti akiolewa anapunguziwa, muambie mteja wazi imepitwa. Tangu kesi ya Rono v Rono ya 2005 Mahakama ya Rufani imeshasema kuolewa si sababu ya kumpa binti kidogo, watu wengi bado wanaandaa migao ya mirathi wakiwaacha dada zao nje na mawakili wanapeleka hivohivo kortini kama matarishi.

Hatua ya 5: Mali, fanya sachi usiamini mdomo

"Nina shamba ekari kumi Molo." Sawa mzee, taito iko kwa jina la nani? Kimya. Kumbe ni ya babake aliyefariki 1979, mirathi haijawahi kufanywa. Huyu hana ekari kumi za kuwaachia watoto, ana haki ya kudai fungu kwa mirathi ya babake, na ukimwandikia "namwachia Wanjiru shamba langu" umeandika hewa. Chukua sachi rasmi ya kila taito, yaani taarifa ya ofisi ya ardhi kuhusu nani ameandikwa mwenyewe, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na shida.

Angalia pia umiliki wa pamoja ni wa aina gani. Kama mke na mume wameandikwa kwa mtindo ule wa mmoja akifa mwingine anachukua yote, basi hio nyumba haiingii kwenye wosia kabisa, inaenda kwa aliyebaki. Mtu anaandika nusu ya nyumba kwa watoto wa ndoa ya kwanza, anafariki, nyumba yote inaenda kwa mke wa pili na hakuna cha kufanya, isipokuwa kumtafuta wakili aliyeandika. Kama anataka igawike inabidi umiliki huo uvunjwe akiwa hai, na uandike kwamba ulimshauri.

Pensheni, sacco na bima ya maisha navyo vina fomu ya kutaja wa kupewa. Jamaa alijaza fomu ya pensheni akiwa na miaka 25 akaandika mamake, sasa ana mke na watoto wanne, wosia unasema pensheni ni ya mke. Hapo vita vinaanza, na pesa za pensheni kwa kawaida si sehemu ya mirathi. Mwambie arudi kwa mwajiri na sacco abadilishe fomu, kisha akuletee kopi.

Mali iko nje, mfano nyumba ya Dallas au akaunti Dubai? Usijifanye unajua sheria za huko. Sema kwa barua kwamba atafute wakili wa huko, na chunga ule mstari wa "nafuta wosia zangu zote za awali" usiue wosia halali aliouandika huko nje.

Hatua ya 6: Akili timamu

Sheria inachukulia mtu ana akili timamu mpaka yule anayepinga athibitishe vingine, kifungu cha 5. Lakini usilalie hapo. Kipimo bado ni kile cha kesi ya Uingereza, Banks v Goodfellow ya 1870, majaji wetu wanakitumia: anaelewa kwamba anaandika wosia, anajua kwa jumla ana mali gani, anawakumbuka wale wanaostahili kufikiriwa, na hana wazimu unaompotosha katika kugawa.

Usimuulize maswali ya ndio na hapana. Usiseme "Mama una watoto watano, si ndio?" Sema "Mama niambie watoto wako, kuanzia wa kwanza." Akisahau mmoja andika amesahau mmoja, akimkumbuka baadaye andika pia. Kwa mzee sana, aliyepata stroki, au anayetumia dawa kali za maumivu, kuna ile Uingereza wanaita kanuni ya dhahabu: daktari amwone, athibitishe, na ikiwezekana awe shahidi mmoja. Familia itakasirika kwamba unamuona mama yao kichaa. Waache wakasirike. Daktari akisema hana uwezo na wewe bado unataka kuendelea kwa sababu umeshalipwa, rudisha pesa.

Hatua ya 7: Kuandika

Mimi tempuleti siipendi lakini najua mtatumia, basi angalau isomeni yote. Tempuleti ndio inaleta jina la mteja wa mwezi uliopita ukurasa wa nne. Majina yaandikwe kama yalivyo kwa kitambulisho na "anayejulikana pia kama", namba ya kila kiwanja iandikwe kama ilivyo kwa sachi, na kila mrithi awe na mbadala wake, yaani akitangulia kufa fungu liende wapi. Na lazima kuwe na mstari wa mali yote iliyobaki, manake mtu anaandika wosia leo na kununua gari na ploti kesho, na isipotajwa itaenda kama vile hakuandika wosia.

Usitumie maneno kama "wagawane vizuri" ama "mke wangu awatunze watoto". Vizuri ni nini? Awatunze kwa pesa gani?

Kwa mteja Mwislamu simama kwanza. Kifungu cha 2(3) kinaiondoa mirathi ya Mwislamu aliyefariki kwenye sehemu kubwa ya sheria hii na kuipeleka kwa sheria ya Kiislamu, kwa hivo huwezi kumwandikia mgao wa kila kitu kama unavyomwandikia mwingine. Wasia wake haupiti theluthi moja ya kilichobaki baada ya mazishi na madeni, na haumwendei mrithi mwenye fungu lake tayari isipokuwa warithi wenzake wakubali. Mawakili wa bara wakija Mombasa au Lamu wanajikwaa hapa sana. Kama hujui mafungu, muite anayejua.

Hatua ya 8: Siku ya kusaini

Hapa uzembe ni wa kizembe kweli, hauhitaji akili kuepuka, unahitaji tu uwepo. Kifungu cha 11 kinataka mwenye wosia asaini, na mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja awe amemwona akisaini au amesikia kutoka kwake mwenyewe kwamba hio ni saini yake, na kila shahidi asaini mbele ya mwenye wosia. Sheria hailazimishi mashahidi wote wawe pamoja wakati mmoja lakini wewe walazimishe, watu wote chumba kimoja, kalamu moja, hakuna anayetoka kuchukua chai mpaka mwisho. Usimpe mteja aende nyumbani "akatafute mashahidi". Atatafuta bibi yake na shemeji.

Na hio ndio kifungu cha 13. Wosia hauanguki, ila zawadi ya shahidi au ya mume au mke wa shahidi inakuwa batili, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru juu ya hao. Mwaka 1979 Uingereza kulikuwa na kesi ya Ross v Caunters, mawakili walituma wosia kwa posta bila kumuonya mteja kuhusu mume wa mrithi, mume akashuhudia, mrithi akakosa, mawakili wakalipa. Sasa kuna jambo wengi hawalioni ndani ya kifungu chetu: kimetaja pia maagizo ya malipo ya gharama. Yaani kama wosia unakuteua wewe wakili msimamizi na kusema ofisi yako ilipwe ada, na wewe huyohuyo umeshuhudia, ada yako ndio inayoingia matatani. Tumia mashahidi wengine.

Bibi na bwana wakisaini siku moja angalia nani ameshika ipi. Kuna wanandoa Uingereza walibadilishana karatasi mbele ya wakili, kila mmoja akasaini ya mwenziwe, hakuna aliyegundua mpaka wote wawili wakafariki, na kesi hio, Marley v Rawlings, ikafika mpaka Mahakama ya Juu 2014 kwa kosa la kupeana karatasi tu.

Kila ukurasa uwekwe saini fupi, namba za kurasa ziwepo, stepla usiifungue tena hata kwa kupiga kopi, alama za stepla mbili zinamfanya mtu aulize ukurasa gani ulibadilishwa. Makosa yasirekebishwe kwa kalamu, chapisha upya. Ukimaliza andika nusu ukurasa: nani alikuwepo, saa ngapi, aliongea nini, alikuwa na hali gani. Uiandike siku hio hio, si ukiitwa kortini.

Kisha barua ya mwisho kwa mteja, wosia uko wapi na ni lini aje kuubadilisha. Hapa sema wazi kwa herufi kubwa: UKIOA AU KUOLEWA TENA WOSIA HUU UNAKUFA, kifungu cha 19, isipokuwa uliandikwa ukiitarajia ndoa hio na mtu aliyetajwa. Watu hawajui hili kabisa.

Hatua ya 9: Mteja amefariki, sasa mirathi yenyewe

Rudi Hatua ya 1, mteja ni nani? Ni wale wanaoomba granti, si "familia". Kila mtu atakupigia simu akikuita wakili wetu. Waandikie wale wengine barua moja: namwakilisha fulani, wewe sikuwakilishi, una haki ya kutafuta wakili wako. Ndugu wakianza kugombana huwezi kubaki na pande mbili, na saa zingine huwezi kubaki na hata mmoja.

Karatasi za kuomba granti zitaje kila mtu kama kifungu cha 51 kinavyotaka. Barua ya chifu inasaidia lakini chifu anaandika anachoambiwa na aliyefika kwanza. Mteja akikwambia "yule wa nje usimweke" mjibu hapana, na umweleze kifungu cha 76: granti iliyopatikana kwa uongo au kuficha inafutwa wakati wowote, hata baada ya miaka, na afidaviti, yaani hati ya kiapo, imetoka ofisini kwako. Ukikubali kuficha hapo si uzembe tena. Mirathi ya waziri wa zamani Mbiyu Koinange aliyefariki 1981 imezunguka kortini kwa miongo, na ugomvi mkubwa ulikuwa nani ni mke nani si mke.

Fomu ya kukubali kwamba mwenzake apewe granti, ile namba 38, kila mtu aisaini mwenyewe mbele ya anayeapisha. Usipokee fomu zilizorudi na saini kumi za mwandiko mmoja. Aliye Marekani au Qatar asaini mbele ya notari au ubalozini, achelewe, bora hivo. Na kanuni ya 26 ya zile kanuni za mirathi inataka wenye haki sawa au zaidi wapewe notisi, asiyesaini mpe notisi na uthibitishe ameipata.

Kukiwa na watoto wadogo na hakuna wosia, granti isiende kwa mtu mmoja peke yake, kifungu cha 58, na wasizidi wanne. Angalia pia korti: hakimu mkuu mwisho wake ni milioni 20, hakimu mkazi milioni 5. Ukipunguza thamani ya shamba ili ubaki korti ya karibu na nyumbani umejenga juu ya mchanga, amri ya korti isiyo na mamlaka ni bure.

Mgao wa ndoa ya wake wengi bila wosia ndio mawakili wanakosea hesabu. Hatugawi nusu kwa nusu kwa nyumba. Kifungu cha 40 kinaanzia kwa idadi ya watoto wa kila nyumba na kumuongeza mke aliye hai kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza mke na watoto wawili ni vichwa vitatu, ya pili mke na watoto watano ni vichwa sita, ekari tisa zinakwenda tatu kwa sita. Korti inaweza kuangalia mengine lakini we anza hapo na umweleze mteja mapema kabla hajaahidiwa vingine na wajomba.

Hatua ya 10: Tarehe na pesa

Weka kalenda mbili, ya simu na ya ukutani. Tangazo kwenye Gazeti rasmi, siku 30 za kupinga. Miezi sita baada ya granti unaomba ithibitishwe, yaani korti iidhinishe mgao, na ukipita mwaka bila kuomba granti inaweza kufutwa. Mtegemezi anayetaka fungu chini ya kifungu cha 26 lazima aombe kabla ya kuthibitishwa, kwa hivo ukiwa wakili wa mtegemezi hio ndio tarehe ya kukukosesha usingizi, maana ikipita imepita.

Kabla ya kuthibitishwa shamba haliuzwi. Kifungu cha 82 kinasema hivo na cha 55 kinazuia kugawa. Kila wiki kuna mtu anataka "makubaliano tu, deposit tu, taito itakuja". Ukiandika hayo makubaliano ukiwa wakili wa mnunuzi umempoteza mteja, ukiwa wakili wa muuzaji umemsaidia kuingilia mali ya marehemu, kosa chini ya kifungu cha 45, faini hadi shilingi 10,000 au jela hadi mwaka mmoja au vyote.

Kukata shamba vipande baada ya mirathi inataka kibali cha bodi ya ardhi kama ni ardhi ya kilimo, usisahau. Pesa za marehemu zikipita kwako ziingie akaunti ya wateja, si ya ofisi, hata usiku mmoja. Na kabla ya kumlipa mrithi chukua kitambulisho, saini, na risiti, na akikutumia namba mpya ya akaunti kwa imeili mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi wanasoma imeili zetu.

Hatua ya 11: Barua ya madai imefika

Hata ukifanya yote haya inaweza kuja. Usimpigie mlalamishi simu kujieleza, usiandike chochote kwa WhatsApp, usiombe msamaha wala kukana. Faili usiiguse, yaani usiongeze hata noti moja yenye tarehe ya zamani, kosa dogo la uzembe litageuka kuwa la kufutwa kazi. Ifungie, piga kopi, mpe mwenzako mwingine aisome. Bima ya kikazi kanuni za 2004 zinatulazimisha kuwa nayo, basi iarifu kampuni siku hio hio, hata kama ni tetesi tu bado hakuna kesi, maana nyingi zinataka taarifa mapema na ukichelewa wanakataa kulipa.

Kisha angalia tarehe. Madai ya mkataba ni miaka 6, ya uzembe miaka 3, ila kwa wosia hasara yenyewe huonekana mteja akifa, na hio inaweza kuwa miaka thelathini baada ya saini. Ndio maana faili za wosia haziharibiwi pamoja na zile zingine. Skan zote, zitunze mbali na kompyuta ya ofisi, na wosia halisi ukae kwenye sefu isiyoshika moto, na rejista inayosema nani aliutoa, lini, na akarudisha lini.